Tope linameza mawe: kitambaa na mifuko inayookoa barabara ya mashamba

Kila koperative iko na pahali pake pa kuogopa. Hatusemi pahali pa wezi. Tunasema lile bonde dogo katikati ya shamba na soko, pale maji ya mlima yanapokusanyika, udongo ni mweusi, na Fuso ikiingia inashuka mpaka ekseli. Viazi vinalala juu ya gari siku mbili, siku tatu. Mvua inavipiga, vinaanza kuoza, na mnunuzi kule mjini hangojei mtu. Mwenye gari naye anasema: safari ijayo, bei ya kubeba inapanda.

Tulitembelea koperative moja ya wakulima wa viazi na maharagi katika milima ya Kivu ya Kusini. Wanachama walituomba tusiandike jina lao, kwa sababu habari hii inaeleza makosa yao pia. Tulikubali. Makosa yenye kuelezwa vizuri yanasaidia wengine.

Pahali pao pa kuogopa ni pa urefu wa mita 40 tu. Lakini hizo mita 40 zinafunga njia ya vijiji vyote vya nyuma yake. Kila mwaka wanachama wanafanya salongo. Wababa wanavunja mawe, bamama wanayabeba, vijana wanayamwaga ndani ya tope.

“Tunabebaka majiwe ku kichwa kila mwaka,” mama mweka-hazina alituambia, “na kila mwaka tope inayameza. Sasa ninyi wenye kusoma, mutuambie: majiwe yote ile inaendaka wapi?”

Ni swali zuri. Tuanze nalo.

Mawe yanaenda wapi?

Mawe hayapotei. Yako pale pale, chini. Udongo wa mfinyanzi ukishiba maji unakuwa laini kama ugali usioiva. Gari likipita juu ya mawe, uzito wake unayasukuma chini, na tope nalo linapanda katikati ya mawe kwa zile nafasi zilizobaki. Kila gurudumu likipita, mchezo ni ule ule: jiwe linashuka kidogo, tope linapanda kidogo. Mwisho wa mvua tabaka lenu la mawe limechanganyika na tope, na halina nguvu tena.

Wainjinia wako na neno la kuchekesha juu ya jambo hili: kilo 10 za mawe juu ya kilo 10 za tope ni kilo 20 za tope. Ndiyo hesabu ya salongo nyingi tulizoziona. Kazi ilifanyika, jasho lilitoka, lakini mawe na tope havikutenganishwa.

Wazee wetu walijua dawa ya zamani. Kabla ya kumwaga mawe walilaza matawi, mianzi au magogo kwa kupinga barabara. Matawi yalizuia mawe yasishuke. Shida ni kwamba miti inaoza, na leo msitu wa kukata matawi kila mwaka haupo tena. Vitambaa vya kisasa vya udongo vinafanya kazi ile ile ya matawi, ila haviozi upesi.

Kitambaa cha udongo ni kitu gani?

Kwa Kifaransa wanakiita géotextile; sisi tutasema jeotekistile, ao kwa urahisi kitambaa cha udongo. Kinatengenezwa kwa nyuzi za plastiki, mara nyingi polipropilene, ndiyo ile ile ya mifuko ya mchele na ya mbolea. Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza imefumwa kama mfuko, nyuzi zinapita juu na chini. Ya pili haikufumwa: nyuzi zimechomwa-chomwa kwa sindano nyingi mpaka zikashikana kama blanketi nzito.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1926, kule South Carolina, Marekani, watu wa barabara walijaribu kutandika kitambaa cha pamba chini ya lami. Kilisaidia, lakini pamba inaoza. Mwaka 1953 bahari ilivunja kuta za udongo huko Uholanzi na watu zaidi ya 1,800 wakafa. Katika kujenga upya, Waholanzi walitumia vitambaa vya plastiki kwa wingi ili maji yasichukue mchanga ulio chini ya mawe. Mwaka 1970, huko Valcros, Ufaransa, kitambaa cha namna hii kiliwekwa ndani ya ukuta wa udongo wa bwawa ili kichuje maji. Na mwaka 1977, injinia Mfaransa Jean-Pierre Giroud ndiye aliyetumia neno “géotextile” katika mkutano wa Paris.

Ndani ya udongo, kitambaa hiki kinafanya kazi nne:

Kwanza, kutenga. Mawe yanabaki juu, tope linabaki chini. Kwa barabara zetu hii ndiyo kazi kubwa.

Pili, kuchuja. Matundu yake ni madogo sana, hayafiki nusu ya milimita. Maji yanapita, udongo unabaki.

Tatu, kupitisha maji. Kile kinene cha blanketi kinaweza kuongoza maji ndani yake mpaka kwenye mfereji.

Nne, kutia nguvu. Udongo unaweza kubeba mzigo ukikandamizwa, lakini ukivutwa unapasuka. Kitambaa kinajua kuvutwa. Vikiwa pamoja, kimoja kinasaidia kingine, kama vile chuma ndani ya beto.

Kuna ndugu wengine wa kitambaa hiki. Wavu mgumu wa plastiki wenye matundu makubwa unashika mawe ili yasitembee. Masanduku yanayofanana na asali ya nyuki yanafunguliwa, kisha yanajazwa changarawe. Na kuna bashe nene isiyopitisha maji kabisa, ya kutandika ndani ya bwawa. Msizichanganye. Kila moja iko na kazi yake.

Si kila bashe ni kitambaa cha udongo

Hapa koperative ilipata hasara ya kwanza. Muuzaji mmoja mjini aliwauzia roli ya plastiki nyeusi, akasema ni kitambaa cha barabara. Walikitandika na kumwaga mawe juu. Mvua ilipofika, maji yalibaki juu ya plastiki kama ndani ya sahani, mawe yakaanza kuteleza, na gari la kwanza likaenda ubavuni. Ilibidi kufukua yote.

Kumbe kipimo ni rahisi, na kinafanyika dukani kabla ya kutoa pesa. Chukua kipande, kishike kama bakuli, mwaga kikombe cha maji. Maji yakipita, ni kitambaa cha kuchuja. Maji yakibaki, ni bashe: inafaa kwa bwawa, haifai kwa barabara. Kisha kivute kwa nguvu kwa mikono miwili, kwa urefu na kwa upana. Kikipasuka mikononi mwako, chini ya Fuso kitafanya nini?

Muulizeni pia muuzaji uzito wa kitambaa kwa mita mraba moja. Kitambaa cha gramu 200 kinatumika sana kwa barabara ndogo. Roli ya upana wa mita 4 na urefu wa mita 50 inatoa mita mraba 200. Kwa gramu 200, roli nzima inapaswa kuwa na kilo karibu 40. Ikiwa ina kilo 20, mumeuziwa kitu kingine.

Mifuko: njia ya yule asiye na pesa ya roli

Baada ya hasara ile, sanduku la koperative lilikuwa karibu tupu. Papa prezida alitaka kuacha. “Tulisha kuliwa,” alisema katika mkutano. “Tungoje tu serikali.” Mama mweka-hazina alisimama. Alisema mnunuzi wa viazi hangoji serikali. Mkutano ulikuwa mrefu.

Waliponunua kitambaa cha kweli, pesa ilitosha kwa mita 20 tu. Mita 20 zilizobaki waliamua kuzitengeneza kwa mifuko.

Kutengeneza barabara kwa mifuko ya udongo kunajulikana kwa jina la Kijapani, do-nou. Profesa Makoto Kimura wa Chuo Kikuu cha Kyoto na wenzake wameieneza kwa wakulima wa nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo. Uzuri wake ni kwamba haiombi mashini. Inaomba mifuko, koleo, kamba, na watu wa salongo.

Nguvu yake inatoka wapi? Ukikandamiza udongo uliofungwa ndani ya mfuko, udongo unataka kupanuka kwenda pembeni. Kitambaa cha mfuko kinakataa. Kinavutika, na kwa kuvutika kinaubana udongo ndani. Gari likizidi kukandamiza, mfuko unazidi kubana. Ndiyo maana mfuko unaopasuka kwa jua mnapouacha wazi, ukiwa umefunikwa unabeba gari.

Tuliandika hatua zao kama tulivyoziona:

1. Ondoeni tope laini kwa kina cha mifuko mnayotaka kuweka. Mifuko miwili, moja juu ya mwingine, inataka karibu sentimita 20, pamoja na sentimita 5 mpaka 10 za kifuniko.

2. Jazeni mifuko kwa udongo wenye changarawe ao mchanga. Udongo mweusi wa shamba, wenye majani na mizizi, hapana. Mfinyanzi mtupu, hapana.

3. Pimeni kwa chombo kimoja. Mfuko wa kilo 25 za mchele unachukua ndoo moja ya lita 20 isiyojaa kabisa. Msijaze mpaka shingoni: mfuko uliojaa unakuwa mviringo na haulali. Mifuko isiyolingana inatoa barabara yenye matuta.

4. Fungeni kwa kamba karibu na mdomo, kisha lazeni mfuko huku mdomo umekunjwa chini yake. Mfuko unaofuata unakalia mdomo wa mwenzake.

5. Shindilieni kwa kigogo chenye mpini mpaka mfuko uwe bapa, karibu sentimita 40 kwa 40, na unene wa sentimita 10.

6. Tabaka la pili lisifuate mistari ya la kwanza. Ni kama matofali: kila mfuko ukae juu ya kiungo cha mifuko ya chini.

7. Funikeni siku ile ile kwa changarawe ao udongo mwekundu mgumu. Jua ni adui wa polipropilene. Mfuko ulioachwa wazi unaanza kuchanika kwa miezi michache tu.

Hesabu yake ni hii. Mifuko 7 kwa upana inatoa mita 2 na sentimita 80. Kwa urefu wa mita 10 mnahitaji mistari 25. Mara 7, ni mifuko 175 kwa tabaka moja, 350 kwa matabaka mawili. Kwa mita zao 20 walihitaji mifuko 700. Kila familia ilileta mifuko ya zamani kutoka nyumbani. Ile yenye matundu ilikataliwa. Ile iliyobeba dawa ya wadudu ilikataliwa pia, kwa sababu maji ya pale yanashuka mpaka kwenye chemchemi.

Kutandika kitambaa

Kwa mita 20 za kitambaa, kazi ilikuwa hivi. Walisawazisha udongo na kuondoa visiki na mawe yenye ncha. Walikunjua roli kwa kufuata barabara na kuivuta mpaka mikunjo ikaisha. Pale kipande kimoja kilipoishia, kingine kilikaa juu yake. Juu ya udongo mgumu, sentimita 30 za kupandana zinatosha. Juu ya tope laini kama lao, fikeni sentimita 60 mpaka mita moja.

Kisha mawe. Mumwagie mawe mwanzoni, kwenye pahali pagumu, halafu muyasukume mbele kwa koleo. Gari lisikanyage kitambaa kitupu hata mara moja. Pikipiki pia. Tabaka la kwanza liwe na sentimita 20 mpaka 30 kabla ya mzigo kupita. Jiwe kubwa lisiangushwe kutoka juu, litatoboa. Kama kazi haiishi siku moja, tandikeni kile tu mnachoweza kufunika. Roli inayobaki iwekwe kivulini, ndani ya mfuko wake.

Mvua ilisema nini

Tulirudi baada ya mvua. Mita 20 za kitambaa zilikuwa zimesimama. Mifuko nayo ilisimama, isipokuwa mita 5 za mwisho, upande wa mlima. Pale gari lilikuwa limezama tena.

Tulichimba pamoja nao kuona. Mifuko ilikuwa mizima. Udongo wa chini ndio uliokimbia. Maji ya mlima yalikosa njia, yakapita chini ya mifuko na kuchukua udongo kidogo kidogo. Mfereji wa upande ule haukuwa umechimbwa, kwa sababu mwenye shamba la pembeni alikataa kutoa hata nusu mita ya ardhi yake, na hakuna mtu aliyetaka kugombana naye wakati wa salongo.

Hakuna kitambaa wala mfuko unaoshinda maji yasiyo na njia. Mfereji ndio wa kwanza, kitambaa kinafuata. Barabara iwe na mgongo katikati, ishuke karibu sentimita 5 kwa kila mita kuelekea pembeni, na mifereji ifagiliwe kila mvua inapokaribia. Bariere ya mvua iheshimiwe, hata kama dereva ni ndugu wa mtu. Gari moja linalopita saa moja baada ya mvua linaweza kuharibu kazi ya mwezi.

Pale maji yanapotoka ndani ya mlima, kitambaa kinasaidia kwa namna nyingine. Chimbeni mtaro, tandikeni kitambaa ndani, jazeni mawe, kisha mkunje kitambaa juu ya mawe kama chikwangue ndani ya majani, na mrudishe udongo. Maji yanaingia na kutembea katikati ya mawe mpaka nje. Tope haliingii, na mtaro hauzibi upesi.

Kuhusu yule mwenye shamba, wazee wa kijiji na chefu wa grupema walikaa naye. Hakuombwa atoe bure. Koperative ilikubali kwamba watu wa salongo watamchimbia mifereji ya kuzuia mmomonyoko ndani ya shamba lake, kwa sababu maji yaliyokuwa yanaharibu barabara yalikuwa yanachukua udongo wake pia. Alikubali. Mfereji wa barabara unapita pale leo.

Maswali mliyotuuliza

*Je, tunaweza kutandika kitambaa shambani kuzuia mmomonyoko?* Kwa mteremko wa shamba, msianze na plastiki. Majani ya kufunika udongo, mitaro ya kufuata usawa wa mlima, na majani kama vetiver vinafanya kazi hiyo vizuri na havigharimu dola. Kwa ukingo wa barabara uliokatwa upya, kuna nyavu za nyuzi za juti ao za nazi. Zinashika udongo wakati majani yanaota, kisha zinaoza zenyewe. Juti inadumu mwaka mmoja ao miwili tu, na hiyo inatosha kama mmepanda majani mapema.

*Bwawa letu la samaki linakauka. Tutumie nini?* Hapo ndipo bashe isiyopitisha maji inafaa. Pimeni hivi: urefu wa bwawa, ongeza mara mbili ya kina, ongeza mita 1 ya kufukia kwenye ukingo. Upana vivyo hivyo. Bwawa la mita 10 kwa 6, lenye kina cha mita 1 na nusu, linataka bashe ya mita 14 kwa 10. Lakini jaribuni kwanza kushindilia mfinyanzi. Penye mfinyanzi mzuri, bashe ni pesa ya bure.

*Plastiki ndani ya ardhi haina ubaya?* Iko nao. Ikifukiwa vizuri inadumu miaka mingi bila kuchanika. Ikiachwa juani inakuwa vipande vidogo vinavyoingia shambani na mtoni, na mbuzi wanavila. Kwa hiyo fukieni, na mabaki ya kukata myakusanye siku ile ile.

*Tuanze wapi?* Msitengeneze kilomita nzima. Tembeeni barabara yote siku ya mvua, mwandike pahali pale tu gari linapozama. Mara nyingi ni mita chache. Mpelekee orodha hiyo kamati ya barabara na huduma ya barabara za mashamba ya teritware yenu, mwombe injinia aje aone kabla ya kununua kitu. Halafu mwanze na pahali pamoja.

Sanduku la barabara

Tulipoondoka, wanachama walikuwa katika mkutano mwingine, na safari hii kwa sauti ya chini. Waliamua kila mfuko wa viazi utakaopita uache kitu kidogo ndani ya sanduku la barabara, lenye funguo mbili: moja kwa mama mweka-hazina, moja kwa kamati ya barabara. Pesa hiyo si ya roli nyingine. Ni ya kulipa watu wawili wa kufagia mifereji mwaka mzima.

Tulimuuliza mama mweka-hazina kama swali lake lilipata jibu. Alionyesha tabaka la mawe, kavu, juu ya kitambaa.

“Majiwe ya mwaka huu tunayaona,” alisema. “Ile ya miaka yote ingine iko pale chini. Wacha ipumzike.”